Mwaka Niliokatazwa Kuimba

Mama mkwe wangu alifika kutoka kijijini kwao Lukafu siku ya tatu baada ya mume wangu kupelekwa vitani. Alikuja na magunia mawili ya unga wa muhogo, jembe lake mwenyewe, na sheria moja. Unga na jembe aliviweka jikoni. Sheria aliniambia tukiwa bado tumesimama mlangoni, kabla hajanywa hata maji.

"Bwana yako iko ku vita. Wewe hautaimba mpaka arudi."

Nilicheka. Kama kuna kitu kimoja ambacho watu wa parokia yetu wananijua nacho, ni sauti. Nimekuwa katika kwaya tangu nikiwa na miaka kumi na minne, sauti ya kwanza, na kwa muda mrefu mimi ndiye niliyekuwa nikianzisha nyimbo. Nyumbani kwetu ni watu wa reli, waliotoka kaskazini ya Katanga, na mama yangu alikuwa akisema kwamba siku niliyozaliwa nililia mpaka garimoshi likanijibu. Hata mume nilimpata kwa kuimba. Sasa mwanamke huyu, mwenye vumbi la safari mpaka kwenye nyusi, ananiambia nifunge kinywa.

"Mama, hata kanisani?"

"Hata ku kanisa. Hata ku jiko. Hata mutoto akilia, utamupigapiga mu mugongo tu."

Kwao ni kijila, yaani mwiko, na ni wa zamani. Mke wa mwindaji au wa askari haimbi wala hachezi mumewe akiwa hatarini, kwa sababu furaha ya nyumbani, wanasema, humfungulia adui njia. Nilimweleza kwamba mimi ni Mkatoliki, nimesomeshwa na masista, na hayo ni mambo ya kijijini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, kisha akauliza bafu liko wapi.

Lakini sikuimba. Nataka kusema ukweli hapa, maana nimewasikia wanawake wengi wakijigamba kwamba hawaogopi mambo ya wazee. Sikuamini kwamba wimbo wangu wa Kasungami, mtaa wetu wa Lubumbashi, ungeweza kumwonyesha adui aliye vitani mashariki mahali pa kulenga bunduki. Ila sikutaka kuwa mimi wa kujaribu. Mume ni mmoja, si kitu cha kufanyia majaribio. Nilimwambia mwalimu wa kwaya kwamba koo linaniuma, akanipa wiki mbili. Wiki mbili zikawa miezi.

Watu wa nje hufikiri askari wa muziki ni askari wa mchezo. Mume wangu alikuwa mpiga tarumbeta katika bendi ya kambi, ambayo sisi tunaiita fanfari, na kazi yao ilianza kabla jua halijapanda: kupandisha bendera, kupokea wakubwa, kufanya mazoezi ya kutembea huku wakipiga, kuzika. Siku za gwaride watoto wa mtaa waliwafuata mpaka barabara kuu. Siku za mazishi hakuna aliyewafuata. Nilionana naye mara ya kwanza walipokuja kupiga pamoja na kwaya yetu katika misa ya sikukuu. Tarumbeta yake ilitufunika sote. Misa ilipoisha nilimwendea, nikamwambia kwamba chombo chake kinafikiri kiko peke yake katika kanisa. Alifuta mdomo wake kwa leso, polepole, akasema, "Haikufikiri. Ilikuwa inakutafuta wewe." Nilikasirika siku nzima. Baada ya mwaka akaleta mahari.

Midomo yake alikuwa akiitunza kuliko viatu. Aliipaka mafuta asubuhi na jioni, hakula pilipili siku ya kupiga, na wakati wa baridi ya mwezi wa sita alijifunga kitambaa puani kama mwizi. Nilikuwa nikimtania kwamba jeshi ndilo limeoa ile midomo, mimi naazima tu.

Vita vya mashariki vilipozidi, fanfari iligawanywa mara mbili. Nusu ilibaki kambini na nusu ilipelekwa. Niliuliza tarumbeta zinaenda kufanya nini kwenye risasi. Mume wangu akanieleza kwamba kule wanamuziki hubeba majeruhi, huchimba mahandaki, hulinda, na wakipata nafasi hupiga, kwa sababu mkubwa wao anaamini kwamba kikosi kisichosikia muziki asubuhi huanza kusikia woga. Siku ya kuondoka, nusu iliyobaki iliwapigia nusu inayokwenda. Tuliambiwa wanawake tusilie, nasi hatukulia. Yeye alikuwa amekaa juu ya lori na sanduku la tarumbeta magotini, amekunja uso. Nilifikiri ni huzuni. Baadaye aliniandikia kwamba tarumbeta ya pili ilikuwa imeshuka sauti, na kidogo tu ateremke kuwasahihisha.

Naam, aliniandikia. Kule walikopelekwa simu zilikusanywa, na hata kama zisingekusanywa hakukuwa na mtandao. Kwa hiyo sisi wa siku hizi, tunaotumiana sauti kwa simu hata kwa kuulizana chumvi iko wapi, tulijikuta tunaandika barua kama babu zetu. Zilikuja na ndege ya jeshi au na mwenzao aliyerudi kutibiwa, zikawekwa kwenye mfuko mmoja katika chumba cha mazoezi cha fanfari, na sisi wake tulikwenda kuuliza siku ya Ijumaa. Majibu yetu yalikwenda kwa njia hiyo hiyo.

Barua ya kwanza ilifika baada ya zaidi ya mwezi. Ilikuwa imeandikwa nyuma ya karatasi ya muziki.

"Chérie yangu," alisema, "usishangae karatasi. Huku karatasi haiko, njo nimechukua ya muziki. Nyuma utaona sauti ya tarombone. Usijali, iko mubaya hata tukiipiga. Mi niko muzima. Asubui tunapiga ya bendera, katikati tunachimba mashimo sawa bengine. Midomo iko muzuri, inakusalimia. Sasa sikia. Natunga wimbo. Sauti mbili, moja yangu, moja yako. Kila barua nitatuma kipande. Ujifunze yako, nikirudi tunaimba pamoja, siku ile ile, mbele ya kula. D'accord?"

Chini yake aliandika do na re na mi zake kwa herufi, jinsi tunavyoandika katika kwaya, mistari miwili, wa juu wangu na wa chini wake. Vipimo vinane. Nilivisoma nimesimama uani kwa fanfari, na mdomo wangu ulishafunguka nilipokumbuka.

Nilimjibu nini? Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Ningeweza kumwandikia kwamba mama yako amenikataza. Lakini nilijua angekasirika na mama yake, na mtu aliye vitani hapelekewi ugomvi wa jikoni. Nikaandika: nimejifunza, ni wimbo mzuri, naimba kila jioni. Niliandika kwa mwandiko mzuri kabisa. Uongo wangu haukuwa na hata kosa moja.

Barua ya tatu, au ya nne, ilikuwa na maneno haya: "Kila mangaribi, bendera ikishuka, niko nasimama upande ya Lubumbashi. Najisemea, sasa njo anaanza. Nakupatia muda ya kumaliza, kisha naenda kula. Bengine banacheka asema mi ni mulokole. Inanitosha." Niliisoma na kuikunja, nikaifungua tena. Niliona haya. Mwanamume amesimama huko, tumbo tupu, anasikiliza wimbo ambao hakuna mtu anayeuimba.

Basi nilikuwa kati ya mambo mawili. Nikiimba, labda namuua. Nisipoimba, namdanganya kila jioni, saa ile ile. Nilichagua njia ya katikati, ambayo kwa kawaida ndiyo njia ya waoga: nilijifunza kimya. Nilipofua, nilipochambua mboga za lenga-lenga, nilipopuliza makaa, tunayoyaita makala, ndani ya jiko la mbabula, niliupitisha wimbo kichwani mwangu, sauti zote mbili. Sikuwahi kuusikia. Nilijua tu mahali unapopanda na mahali unaposhuka.

Mama mkwe alikuwa na macho. "Midomo yako inatembea," aliniambia siku moja bila kuinua kichwa kutoka kwenye ungo.

"Nasali, mama."

"Sali na mudomo ya kufunga."

Sikumpenda. Wacha niseme hivyo hivyo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wangu alijipa jembe mwenyewe siku ile ile ya kwanza, akalima shamba langu dogo la nyuma ya nyumba kwa mistari iliyonyooka kuliko ya kwangu, na hilo pia lilinichukiza. Alikuja nami kisimani. Alikuja nami kanisani, akakaa ubavuni mwangu, na kwaya ilipoanza nilihisi sikio lake limenigeukia. Nikienda Ijumaa kuulizia barua, alikuja. Nilipowatembelea ndugu zangu mjini, alikuja, akakaa kwenye mkeka mchana mzima kama polisi wa gereza aliyevaa pagne, yaani kitenge. Nilihesabu siku za mume wangu kurudi, na ukweli ni kwamba wakati mwingine nilizihesabu kwa ajili ya mama huyu kuondoka.

Katika barua moja mume wangu alisema, "Juma hii tulipiga kila siku." Nilifurahi. Nilidhani mambo yametulia na wanapata nafasi ya muziki. Nilikuwa mjinga.

Nilifahamu siku alipoletwa mpiga ngoma. Alikuwa rafiki wa mume wangu, na mkewe alikuwa rafiki yangu. Tulikuwa tukienda pamoja kuchukua barua. Aliletwa na ndege, akazikwa na kambi. Nusu ya fanfari iliyobaki ilipiga, na kwa kuwa aliyekufa ndiye mpiga ngoma wao, walipiga bila ngoma, wakatembea wakihesabu hatua kwa midomo. Mwenzao mmoja aliyerudi amefungwa mkono alisimama karibu nami. Nilimuuliza kama kule nako wanapiga hivi. Akasema kule ndiyo kazi yenyewe. Asubuhi ya bendera, halafu wale waliokufa, mmoja mmoja, kila mmoja na wimbo wake, mkubwa hataki mtu azikwe bila muziki. Majuma mengine hawapumziki. Ndipo nilipoelewa lile juma la kupiga kila siku.

Baada ya tarumbeta ya mwisho, wanawake ndio huimba. Ndiyo desturi yetu: jeshi likimaliza, wake wanampokea marehemu. Siku hiyo hakuna aliyeanzisha. Tulisimama wengi, vichwa vimefunikwa kwa vitambaa, kila mmoja akimngoja mwenzake, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kilio. Mjane alikuwa ameniegemea. Alisema sikioni mwangu, "Yee alipendaka sauti yako. Usimuache aende hivi."

Niliimba. Nilianza wimbo wa mazishi ambao sote tunaujua, chini kidogo kwa sababu sauti ilikuwa na kutu, kisha juu mahali pake. Nilihisi mkono umeshika pagne yangu kwa nyuma na kuivuta mara moja. Nilijua ni wa nani. Sikunyamaza. Mkono ukaniachilia. Ubeti wa pili wenzangu wakaingia, na nikaimba mpaka mwisho, na siwezi kusema uongo: pamoja na huzuni ile yote, kifua changu kilifunguka. Nilikuwa na kiu ya miezi minane.

Tulirudi Kasungami. Nilingoja aniseme. Alisonga bukari, ugali wetu, akapakua, akala. Hilo lilinitisha kuliko matusi.

Kisha barua zikakatika. Ijumaa ya kwanza nilijiambia ndege haikuja. Ya pili nilijiambia mvua. Ya nne sikuwa na la kujiambia. Wenzangu walipata barua zao, nao waliacha kunitazama usoni wakiwa wanazifungua. Nilianza kuamka asubuhi nikiwa nimeshika kinywa changu kwa mkono. Mimi niliyesomeshwa na masista.

Habari ililetwa na mpiga tarombone aliyerudi na homa. Alikuwa katika kituo kingine, hakuona kwa macho yake, lakini alisikia: mume wangu ameumia, amelazwa hospitali ya kule, damu nyingi, zaidi ya hapo hajui. Nilimuuliza ameumia wapi. 

"Mu mudomo, mama."

Nilikaa chini pale pale kwenye saruji ya uani. Nilikuwa nimefungua kinywa mimi, na yeye amepigwa kinywani. Haikuwa mguu, haikuwa mkono. Ungeniletea wakati ule mapadri wote wa Katanga wanieleze kwamba mambo hayo mawili hayahusiani, ningewajibu: ndiyo, ndiyo, na nisingeamini neno moja.

Habari mbaya hufika Lukafu kabla ya gari. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, baba mkubwa wa mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti chetu kimoja kizuri, na vijana wawili wa ukoo wamesimama nyuma yake. Ndiye mkubwa wa familia tangu baba wa mume wangu alipokufa. Alikunywa maji niliyompa, akarudisha kikombe, akasema mbele yangu kana kwamba sipo.

"Tumesikia asema bibi ya mutoto yetu aliimba ku mazishi, bwana yake akiwa ku vita. Aliimba na mudomo, mutoto yetu amepigwa mu mudomo. Munataka alama gani tena?"

 Akaendelea kwamba ikiwa mtoto wao atakufa, mimi nitarudi kwetu na nguo zangu, nyumba itabaki ya ukoo, na binti yangu atakwenda kukulia Lukafu. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza njia. Binti yangu, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka mitatu, alikuwa amelala mgongoni mwangu, na nilihisi joto lake lote.

Nilifungua kinywa nikiri. Naapa nilikuwa tayari kukiri. Nilichoka kubeba ule wimbo. Lakini mama mkwe, aliyekuwa amekaa chini karibu na mlango, alinitangulia.

"Nani aliona?"

"Bantu."

"Bantu gani? Balikuwa karibu? Mi nilikuwa pa bega yake. Yee alikuwa ameshika mwenye kufiwa, hata pumuzi hakuwa nayo. Njo mi niliimba."

Baba mkubwa alimgeukia. "Wewe?"

"Mi."

"Wewe hauimbake."

"Ulinisikiaka lini, mpaka ujue ile sauti haikuwa yangu?"

Yule mzee aliangalia vidole vyake vya miguu. Nilimtazama mama mkwe wangu, nikawaza kwamba ni kweli, katika miezi yote ile sikuwahi kumsikia hata akivumisha wimbo akitwanga.

"Na mutoto yako akiwa ku vita?" mzee akasema, lakini nguvu zilikuwa zimempungua.

"Mi nilimuzaa. Kijila iko ya bibi, haiko ya mama. Nani ataniambia ninyamaze?"

Waliondoka kabla ya chakula, jambo ambalo kwetu ni sawa na kukubali kushindwa. Nilitaka kumshukuru. Nilisimama mbele yake. Akasema makala yanaisha, nipeleke gunia kwa jirani anayeyauza kabla hajafunga. Nikapeleka gunia.

Mume wangu alirudi baada ya miezi mitatu, kwa miguu yake, na sanduku la tarumbeta mkononi. Meno manne ya mbele hayakuwapo na mdomo wa juu ulikuwa umeshonwa vibaya, kama kiatu. Haikuwa risasi. Walikuwa juu ya lori, wakiwapigia wenzao waliokuwa wakisogezwa mbele, yeye na tarumbeta yake kinywani, na lori likaingia shimoni. Ni tarumbeta yake mwenyewe iliyompiga. Nilimuuliza ilikuwa siku gani, kabla au baada ya mazishi ya mpiga ngoma. Alisema hajui, kule siku zote ni moja. Niliuliza tena mara mbili tatu kwa njia za kuzunguka, kisha nikaacha. Sijui mpaka leo.

Siku ile ile, kabla ya kula, alitaka tuimbe. Ndipo nilipomwambia kwamba sikuwahi kuimba wimbo wake hata jioni moja. Hakuongea nami siku mbili. Ya tatu alisema, "Ungeniandikia ukweli. Ningekuambia nyamaza, na mi ningesimama vilevile." Ilikuwa haki yake kusema hivyo, na iliniuma kama haki inavyouma. Baadaye tuliimba. Yeye aliimba kwa upepo mwingi kupitia pengo, mimi nilikosea mahali pawili, na wimbo wenyewe, sasa nilipousikia kwa masikio, ulikuwa wa kawaida. Mdomo wake hautapuliza tena. Kambi imempa ngoma kubwa, anaipiga vizuri, na nikimtania sasa anajifanya hasikii.

Mama mkwe alikaa wiki moja baada ya mwanawe kurudi, akafunga mizigo yake. Nilimsindikiza mpaka mahali ambapo magari ya Lukafu hupakia. Ilikuwa asubuhi, gari lilikuwa bado halijajaa, tukakaa juu ya gunia lake tukingoja. Niliona kwamba nisipouliza hapo sitauliza kamwe.

"Mama, siku ile ulimudanganya baba mukubwa."

"Nilimudanganya."

"Na wewe njo ulinikataza. Nilivunja kijila mbele ya macho yako. Haukunikasirikia?"

"Nilikukasirikia." Alifunga upya kitambaa cha kichwa, akakaza. "Bwana yangu alienda ku vita. Mi nilibakia ku Lukafu na mutoto mu mugongo, huyu huyu bwana yako. Nilinyamaza. Mwaka moja na nusu. Sikuimba ku shamba, sikuimba ku kanisa, mutoto nilimubembelezaka na mukono. Hakurudi."

Niliacha kutazama gari, nikamgeukia.

"Siku ya kilio, ndugu yake, ule ule mwenye alikuya kwako, akasimama akasema bibi huyu aliimbaka. Nilikataa. Akaniuliza: nani alikuwa na wewe mu nyumba, aseme? Nilitafuta. Hakukuwa muntu. Bakanitoa mu nyumba ile ile juma." Alitazama gari, watu wakipandisha kuku na mabeseni. "Kijila haikumusaidia bwana yangu, mutoto yangu. Na kuimba hakukunifukuza, juu sikuimba. Ilikosa muntu ya kunisemea. Njo niliposikia bwana yako anaenda, nilifunga unga. Nilikuambia unyamaze, juu ukinyamaza maneno ya kukutetea inakuwa fupi. Lakini hata ungeimba kila siku, mi ningekuwa pale."

Nilikumbuka kisima. Nilikumbuka kanisa, kila Ijumaa, na mchana ule mzima kwenye mkeka wa ndugu zangu. Alikuwa amekaa kwangu mwaka na zaidi, hakuniacha peke yangu hata saa moja, ili siku wakiuliza nani alikuwa naye, awepo mtu. Na mimi nilikuwa nikimhesabia siku za kuondoka. Niliona aibu mpaka machozi, na sikuyafuta.

Dereva alipiga honi. Alipanda, akakaa dirishani, akanikabidhi jembe lake nje ya dirisha, akasema shamba lile linataka kupaliliwa kabla ya mvua. Gari lilipoanza kwenda, nilikimbia kando yake kidogo, jembe mkononi, nikimwita mama, na ilikuwa mara ya kwanza ambapo sikumwita hivyo kwa adabu tu.